Baudouin, mfalme aliyeacha kiti kwa siku mbili kwa sababu ya sheria ya kutoa mimba

BUNIA – Kwa wakaaji wengi wa Ituri, jina la Baudouin linakumbusha siku moja tu: tarehe 30 Juni 1960, wakati mfalme huyo wa Ubelgiji alipokuja Léopoldville kutangaza uhuru wa Kongo. Wazee wanamkumbuka vilevile kwa jina la Bwana Kitoko. Lakini kule kwao Ubelgiji, na siku hizi kule Roma, anazungumziwa zaidi kwa jambo lingine. Mwezi wa Aprili 1990 alikataa kutia sahihi sheria iliyoruhusu wanawake kutoa mimba, na serikali yake ikalazimika kumweka pembeni kwa karibu siku mbili ili sheria ipite.

Miaka zaidi ya 30 imepita tangu kifo chake, na habari hii imerudi mezani. Mwezi wa Septemba 2024, Papa Francis alipotembelea Ubelgiji, alisali kwenye kaburi la Baudouin huko Laeken, akasifu msimamo wake wa 1990, kisha akatangaza kwamba anataka kufungua njia ya kumfanya mwenye heri. Wabelgiji wengi walikasirika, wengine walifurahi. Katika Kongo, ambako sheria ya kutoa mimba ingali inabishaniwa, maisha ya mfalme huyu yanagusa swali moja linalojulikana vizuri katika hospitali na tribinali za Bunia: dhamiri ya mkubwa inaanzia wapi, na haki ya mwanamke inaanzia wapi?

Mtoto aliyepoteza mama

Baudouin alizaliwa tarehe 7 Septemba 1930 katika jumba la Stuyvenberg, karibu na Brussels. Babu yake, Albert wa Kwanza, ndiye aliyekuwa mfalme wakati ule, na Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mwaka wa 1934 Albert alianguka kutoka kwenye mwamba na kufa. Baba wa mtoto akawa mfalme kwa jina la Léopold wa Tatu.

Mwaka uliofuata msiba mwingine uliingia nyumbani. Tarehe 29 Agosti 1935, baba aliyekuwa akiendesha gari huko Küssnacht, nchini Uswisi, alipoteza njia. Malkia Astrid alikufa papo hapo. Baudouin alikuwa bado hajatimiza miaka mitano. Watu walioishi karibu naye walisema kwamba tangu hapo alikuwa mtoto wa kimya, mwenye haya, asiyecheka sana.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Mei 1940 Léopold alisalimisha jeshi lake mbele ya Wajerumani na kubaki nchini kama mfungwa, huku serikali yake ikikimbilia nje. Mwezi wa Juni 1944 Wajerumani walipeleka familia nzima Ujerumani, baadaye Austria, ambako askari wa Marekani waliikomboa Mei 1945. Lakini familia haikurudi nyumbani. Wabelgiji wengi walimshutumu mfalme kwa namna alivyofanya wakati wa vita, na familia ikakaa Uswisi miaka mitano.

Mwezi wa Machi 1950 kura ya maoni ilimpa Léopold ushindi wa karibu asilimia 58. Aliporudi Julai, migomo na fujo zilianza, na watu wanne waliuawa kwa risasi huko Grâce-Berleur. Ili nchi isipasuke, baba alikubali kumwachia mtoto wake kazi. Tarehe 17 Julai 1951, Baudouin akala kiapo cha ufalme. Alikuwa na umri wa miaka 20, na alikuwa amejifunza mapema kwamba kosa la mfalme mmoja linaweza kumwaga damu ya raia.

Bwana Kitoko

Mwezi wa Mei 1955 Baudouin alikanyaga ardhi ya Kongo kwa mara ya kwanza kama mfalme. Umati wa watu ulijaa kwenye barabara za Léopoldville. Raia walimwita Mwana Kitoko, maana yake kijana mzuri kwa Lingala. Wakoloni waliona neno Mwana halina heshima ya kutosha kwa mfalme, wakaligeuza kuwa Bwana. Filamu iliyotengenezwa juu ya safari hiyo ilipewa jina hilo hilo, Bwana Kitoko.

Miaka minne tu baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Tarehe 4 Januari 1959 maasi yalilipuka Léopoldville. Siku tisa baadaye, mfalme alizungumza redioni na kuahidi kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru, bila kuchelewa sana na bila haraka ya hatari. Mwezi wa Desemba mwaka huo alirudi Kongo, akashukia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na akakuta watu ambao hawakuwa tena wale wa 1955. Walitaka uhuru palepale.

Siku ya uhuru yenyewe, Baudouin alisimama mbele ya wabunge wapya na kumsifu Léopold wa Pili kama mwanzilishi wa kazi kubwa ya ustaarabu. Hakutaja mikono iliyokatwa, kazi ya lazima wala viboko. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alisimama na kujibu kwa kukumbusha mateso ya ukoloni mbele yake. Mfalme aliona ni matusi, na sherehe nusura ivunjike.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Miaka 40 baadaye, tume ya Bunge la Ubelgiji ilichunguza kifo hicho. Ilionyesha kwamba jumba la mfalme lilipata habari, mwezi wa Oktoba 1960, kuhusu hatari iliyokuwa juu ya maisha ya Lumumba, na kwamba halikuionya serikali ipasavyo. Kwa Wakongomani wengi, hapo ndipo kuna deni ambalo Baudouin hakulilipa mpaka kifo chake.

Ndoa bila mtoto

Wakati Kongo ilipokuwa ikiwaka moto, mfalme alikuwa akijitayarisha kwa ndoa. Tarehe 15 Desemba 1960 alimwoa Fabiola de Mora y Aragón, mwanamke Mhispania aliyesomea uuguzi. Wote wawili walikuwa Wakatoliki wa sala ya kila siku. Baadaye waliingia katika kundi la uamsho la Wakarismatiki, chini ya ulezi wa Kardinali Suenens wa Malines-Brussels.

Nchi nzima ilingojea mtoto. Hakuja. Miaka mingi baada ya kifo cha mume wake, Fabiola alieleza mwenyewe kwamba mimba zake tano ziliharibika. Kila mara tumaini lilianza, na kila mara likaisha hospitalini au kitandani. Katika nchi zetu, mwanamke aliyepitia hayo angesumbuliwa na wakwe na majirani, na mume angeshauriwa atafute mwingine. Baudouin na Fabiola walibaki pamoja. Walikuwa na mazoea ya kualika watoto wa wengine kwenye jumba la Laeken.

Wengine walioandika juu ya maisha yake wanaona kwamba jeraha hili lilikaa ndani ya uamuzi wa 1990. Kwa mtu aliyezika matumaini ya watoto watano, mimba haikuwa neno la kisheria tu. Lakini wapinzani wake waliuliza upande wa pili: je, uchungu wa nyumba moja, hata kama ni nyumba ya mfalme, unaweza kuwa kipimo cha kila nyumba?

Mganga aliyefungwa Namur

Sheria ya adhabu ya Ubelgiji ya 1867 ilikataza kutoa mimba bila kutaja ruhusa yoyote. Wanawake waliokuwa na pesa walikwenda nje, hasa Uholanzi. Maskini walikwenda kwa watu wa vichochoroni, na wengine walikufa.

Mwezi wa Januari 1973, mganga Willy Peers, aliyeongoza maternite ya mkoa huko Namur, alikamatwa kwa sababu ya kutoa mimba za wanawake karibu 300. Alikaa gerezani siku 34. Kukamatwa kwake kuliwatoa maelfu ya watu barabarani, na jambo lililokuwa likisemwa kwa sauti ya chini likaanza kusemwa hadharani. Peers alikufa mwaka wa 1984 bila kuona sheria ikibadilishwa.

Waliobeba mswada mpaka mwisho ni maseneta wawili: Roger Lallemand, msoshalisti anayesema Kifaransa, na Lucienne Herman-Michielsens, mliberali anayesema Kiflemish. Mswada wao uliruhusu mganga kutoa mimba ndani ya wiki 12 za kwanza, ikiwa mwanamke yuko katika hali ya dhiki, baada ya kupewa maelezo na kungojea siku sita. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyepewa neno la mwisho, na hakuna mganga aliyelazimishwa kufanya kazi hiyo.

Seneti iliupitisha mwezi wa Novemba 1989 kwa kura 102 dhidi ya 73. Tarehe 29 Machi 1990, Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 126 dhidi ya 69. Waziri Mkuu Wilfried Martens, Mkristo-demokrasia, alikuwa katika hali ngumu: chama chake mwenyewe kilipinga, lakini Bunge lilikuwa limesema. Ilibaki sahihi ya mfalme peke yake.

Barua kwa Waziri Mkuu

Kesho yake, tarehe 30 Machi, Baudouin alimwandikia Martens. Alieleza kwamba sheria hii inamletea shida kubwa ya dhamiri. Aliogopa kwamba itapunguza heshima ya uhai wa walio wadhaifu kabisa. Aliuliza kama uhuru wa dhamiri ni haki ya kila raia isipokuwa mfalme. Papo hapo aliongeza kwamba hataki kuzuia kazi ya demokrasia, na aliomba serikali na Bunge watafute njia ya kisheria ya kutoka.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, kwa wanaomsifu na kwa wanaomlaumu. Baudouin hakuvunja Bunge. Hakuita jeshi. Hakuficha karatasi kwenye meza mpaka isahaulike. Alikataa mkono wake, lakini hakufunga mlango.

Mawaziri walitafuta katika Katiba na kukuta kifungu cha 82 cha wakati ule, kilichotayarishwa kwa mfalme mgonjwa au aliyetekwa, asiyeweza kutawala. Walikitumia kwa mfalme mzima wa afya. Kiti kikahesabiwa kuwa hakina mtu, mawaziri wakachukua mamlaka yake kwa pamoja, na wote wakatia sahihi. Tarehe 5 Aprili, mabaraza mawili yalikutana na kumrudishia Baudouin mamlaka kwa kura 245. Wabunge 93 hawakuchagua upande wowote, na hakuna aliyepinga.

Ubelgiji uligawanyika. Kwa wengine, hatimaye alikuwa ameonekana mkubwa aliyekuwa tayari kupoteza kiti kuliko kusaliti imani yake. Kwa wengine, mtu asiyepigiwa kura na yeyote alikuwa ameweka imani yake juu ya uamuzi wa wale waliopigiwa kura, na kuwaonyesha wanawake kana kwamba wao hawana dhamiri. Wanawake waliotetea sheria walikumbusha kwamba anayebeba mimba pia hupima, husali, hulia na kuamua, ila yeye hana kifungu cha Katiba cha kumwondolea mzigo kwa siku mbili.

Miaka ya mwisho

Mwaka huo huo wa 1990, uhusiano na Kongo, iliyoitwa Zaire, uliharibika pia. Baudouin alikuwa amekuja Kinshasa mwaka wa 1970 na 1985 kwa sherehe za uhuru, na Mobutu alimpokea kama rafiki. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi mwezi wa Mei 1990, ushirikiano wa nchi hizo mbili ulikatika.

Katika miaka yake ya mwisho mfalme alishughulika na wanawake waliouzwa kama watumwa katika nyumba za umalaya. Mwaka wa 1992 alikwenda Antwerpen kuwasikiliza mwenyewe. Alikufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo tarehe 31 Julai 1993, huko Motril, Uhispania, akiwa na miaka 62. Katika misa ya mazishi, mwanamke mmoja Mfilipino aliyepitia utumwa huo alipewa nafasi ya kusema mbele ya wafalme na marais. Ndugu yake, Albert wa Pili, alichukua kiti. Fabiola aliishi mpaka Desemba 2014.

Mwaka wa 2018 Ubelgiji uliondoa jambo la kutoa mimba katika kanuni yake ya adhabu na kuliweka katika sheria ya peke yake, lakini ulibakiza masharti mengi, pamoja na yale ya wiki 12.

Sheria iliyobaki Kongo

Mabadiliko ya 1990 hayakugusa Kongo. Tangu mkataba wa kikoloni wa 1908, koloni lilikuwa na sheria zake mbali na zile za Ubelgiji. Kanuni ya adhabu ya Kongo inatokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, wakati wa ufalme wa baba yake Baudouin. Mpaka leo, kifungu cha 165 kinamtisha anayetoa mimba ya mwanamke kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, na kifungu cha 166 kinamtisha mwanamke mwenyewe kwa miaka 5 hadi 10.

Upande wa pili kuna Protokoli ya Maputo ya mwaka wa 2003, juu ya haki za wanawake wa Afrika. Kifungu chake cha 14 kinataka nchi ziruhusu kutoa mimba kwa njia ya kiganga katika hali za ubakaji, za mimba kati ya ndugu wa damu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au maisha yake au ya mtoto aliye tumboni. Uganda na Kenya zilikubali protokoli lakini zikakataa sehemu hiyo. Kongo iliidhinisha yote mwaka wa 2008 bila kutoa kitu. Ilichukua miaka kumi mpaka maandishi yatoke katika gazeti rasmi la serikali, tarehe 14 Machi 2018. Mwezi uliofuata, mkuu wa Baraza Kuu la Mahakimu alituma waraka kwa tribinali na parke zote, kwamba protokoli iheshimiwe. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 215, inasema mikataba iliyoidhinishwa iko juu ya sheria za nchi.

Wanaopinga wana Katiba hiyo hiyo mkononi. Kifungu cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu na ana haki ya kuishi. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai unaanzia tumboni, na Wakristo wengi wa makanisa mengine katika Ituri wanaamini vilevile.

Katikati ya karatasi hizo mbili wamesimama wanawake. Katika Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, ubakaji umekuwa silaha ya vita kwa miaka mingi, na hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 haikuumaliza. Mjini Bunia, kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI hupokea wanawake waliobakwa. Anayefika hospitalini ndani ya masaa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku tano. Lakini anayetoka porini kwa miguu, au aliyeshikwa mateka wiki nzima, au anayeogopa mume atamfukuza, hafiki kwa wakati. Yeye anafika na mimba.

Hapo mganga anapaswa kuchagua. Akifuata protokoli, anaogopa askari polisi asiyejua waraka wa 2018. Akikataa, mwanamke anaweza kwenda kwa muuza dawa au kwenye mizizi, na kurudi akivuja damu. Si jambo la Ituri peke yake: utafiti uliofanywa Kinshasa ulikadiria kwamba katika mwaka wa 2016 tu, mimba karibu 147,000 zilitolewa katika mji huo, nyingi kwa siri.

Mganga anayekataa kwa sababu ya imani anaweza kuona mfano wake katika Baudouin, na heshima ya dhamiri yake ni haki. Lakini mfano huo una nusu mbili. Mfalme alirudisha mkono wake, kisha akaomba mlango mwingine ufunguliwe ili sheria iwafikie waliopewa haki na sheria. Katika Brussels, mlango huo ulipatikana kwa siku tano. Kwa msichana aliyetoka Djugu na mimba ya aliyemuua baba yake, protokoli inasema mlango upo tangu 2018. Wengi wa wanaougonga hawajui upo wapi, na wengi wa wanaoulinda hawajaambiwa kwamba wanaruhusiwa kuufungua.

Kuhusu Baudouin mwenyewe, Roma iliunda mwisho wa 2024 tume ya wanahistoria ili kuchunguza maandishi ya maisha yake. Wakongomani wanaojua historia yao wanangojea kuona kama uchunguzi huo utafungua kurasa za Aprili 1990 peke yake, au pamoja na zile za Oktoba 1960.